Mafuta ya Goti

Kama unatafuta hadithi ya kutunga, nenda kwa mutu mwingine. Mimi sina akili ya kutunga uchafu kama huu, na ningekuwa nayo ningetunga kitu cha kupendeza, chenye harusi na ng'ombe wa mahari. Haya yalinipata mimi mwenyewe, muchana, karibu na barabara ambapo watu wanapita na viazi vyao. Niliyaona kwa macho, nikayanusa kwa pua, nikayashika kwa mikono. Kama uko unakula, maliza kwanza.

Kazi yangu ni kinga. Kinga ni baiskeli, sisi watu wa Goma tunaiita hivyo. Niko na karakana yangu Ndosho, ninanunua, ninatengeneza, ninauza. Kabla ya kununua ninahesabu vyuma vya gurudumu kimoja kimoja, halafu ninahesabu tena, kwa sababu mutu wa kuuza kinga anaweza kukuangalia machoni na kukuuzia gurudumu la jirani yako. Ninasema hivi ili usinichukue kama mujinga anayetishwa na kivuli. Mimi kivuli ningekiuliza bei.

Basi, akaja mugeni mumoja kutoka Chile. Jina lake Tomasi. Alikuwa amepanga Himbi, karibu na ziwa, kwenye nyumba yenye maua na mulinzi, lakini akili yake haikuwa kwenye maua. Huyu mutu alikuwa anazunguka dunia kutafuta njia mbaya. Sikukosea kuandika: njia mbaya. Alikuwa ameshuka Bolivia, kwenye barabara inayolamba ukingo wa shimo. Alikuwa ameshuka ngazi za mawe kule Nepali, na Lesoto alikwama kwenye theluji, katika Afrika yetu hii hii. Akiipata njia inayovunja kinga na mifupa, anaipiga picha, anawaonyesha watu wengine wa aina yake, nao wanalipa ndege waje kuumia. Mimi nimezaliwa mahali ambapo njia mbaya tunapewa bure tangu tumboni, kwa hiyo nilijua hapa kuna biashara.

Kiswahili alijifunzia Arusha, akawa anakisema sanifu kutushinda, mpaka bibi yangu, mama wa watoto wangu, alipomupa sombe, yale majani ya muhogo, akajibu kama mutu anayesoma habari kwenye radio. Ananiita kaka. Nilimupenda, nikubali tu. Alikula kwangu, alicheka na sisi, na hakuna siku aliondoka bila kuosha sahani yake mwenyewe.

Muuzaji mwenye akili anaanza na mali ya chini. Nilimupeleka kwanza vichochoro vya Ndosho, makoro matupu, yale mawe meusi ya volkano yanayokata matairi kama kisu. Akasema, "Nzuri, kaka, lakini nimewahi kuona ngumu zaidi." Nikamupeleka kwenye lava iliyoganda upande wa uwanja wa ndege. "Nzuri. Ila nimewahi kuona ngumu zaidi." Unajua maneno kama hayo yanavyomuchoma muuzaji? Ni kama mutu apindue viazi vyako vyote na kuviacha pale. Nikamutolea ile niliyokuwa nimeificha chini ya gunia.

Ni njia ya zamani ya watu wa chukudu. Inaanzia juu, Rugari, inashuka juu ya lava mpaka mashamba ya karibu na Kalengera. Chukudu ni ule mukokoteni wetu wa mbao: ubao murefu, magurudumu mawili, usukani wenye pembe. Mutu anapiga goti moja juu ya ubao, muguu mwingine unasukuma. Kwenye kushuka hasukumi tena, anapiga goti tu na kumuomba Mungu. Siku hizi wanapita barabara kubwa. Ile njia ya zamani wameiachia mbuzi. Ni nyembamba, imejaa vidato na mashimo, na karibu na mwisho inapinda kushoto juu ya ufa wa lava ambao ukitupa jiwe unaweza kumaliza kukohoa kabla hujasikia limefika.

Nilipomusimulia, Tomasi alianza kukaza boliti za kinga yake. Halafu akauliza, "Tunaenda lini?"

Tulipanda na lori la viazi, kinga zetu zimefungwa juu ya magunia. Jioni ilikuwa bado, lakini ukungu wa Rugari haungoji jioni. Tulishuka kwenye lori, tukatembea mpaka njia inapoanzia, na hapo gurudumu la mbele la Tomasi likaanza kulia. Kwiii, kwiii. Siku iliyotangulia alikuwa ameosha kinga ziwani kama anayemuogesha mutoto, na maji yaliingia ndani. Grese ilikuwa imekauka. Nikafungua mufuko wangu kutafuta kopo langu la grese. Hakuna. Nikatafuta tena. Hakuna tu.

Sasa unisikilize vizuri, maana hapa ndipo tulipopotea sisi, mutu wa mahali pengine asingepotea. Watu wa mutelemuko tuko na desturi. Grese haiuzwi juu ya mulima. Chini mujini utanunua, utabishana mpaka mate yakauke. Lakini pale juu, mwenye nayo anamupaka asiye nayo, bure, na hawaulizani imetoka wapi. Sharti ni moja: aliyepakwa anatangulia kushuka, aliyemupaka anafuata nyuma yake, ili gurudumu likianza kutoa moshi amupigie kelele. Ni desturi nzuri. Imeokoa watu wengi. Mimi mwenyewe nimewahi kupakwa na watu nisiowajua na nikafika nyumbani.

Kwa hiyo ukungu ulipofunguka kidogo na kutuonyesha muzee mumoja juu ya chukudu, pembeni ya njia, nilifurahi. Alikuwa na kofia ya sufu na koti la mvua lililochanika. Nyuma yake magunia yalikuwa yamelowa. Alikuwa amepiga goti juu ya ubao, tayari kushuka. Chukudu ilikuwa imesimama bila kitu cha kuiegemeza, bila muguu wake kugusa chini. Niliona hiyo. Niliona, na akili yangu ikaiweka kando, kama unavyoweka noti iliyochanika katikati ya noti nzima.

"Mwiriwe, papa," nikamusalimia.

"Mwiriwe neza, mudogo wangu. Iyo gurudumu inalia sana. Hamuilishe mafuta?"

"Tumesahau grese, papa. Weye uko nayo?"

"Mimi? Mimi sikosake grese."

Akaingiza mukono chini ya goti lake, pale ambapo watu wa chukudu wanaweka kipande cha kandambili ili mfupa usiumie, akatoa donge. Akaniwekea kwenye kiganja.

Niseme nini? Ilikuwa nyeupe kuelekea njano, kama mafuta ya ng'ombe yaliyolala kwenye sufuria. Na ilikuwa ya moto. Hakukuwa na jua, baridi ilikuwa inatuuma masikio, na kile kitu kilikuwa na joto la kwapa. Harufu yake ya kwanza ilikuwa ya sabuni. Nyuma ya sabuni kulikuwa na nyama, ile nyama ya muchinjaji asiyeuza, siku ya tatu. Na ndani yake mulikuwa na unywele mufupi, umejikunja. Niliutoa kwa kucha, nikajiambia ni wa mbuzi. Mutu akipewa kitu cha bure anakuwa na maelezo mengi.

"Kaka," Tomasi alisema akiziba pua, "hii imeoza."

"Ni ya kienyeji," nikamujibu. "Ya kienyeji yote inanuka."

Nikapaka magurudumu yake yote mawili. Na mimi, kwa kuwa ni mimi, sikuishia hapo. "Papa, ongeza kidogo. Na yangu iko karibu kukauka." Haikuwa karibu kukauka hata kidogo. Nilitaka kuibeba mujini nione kama inaweza kuuzwa.

Muzee akacheka, kicheko chenye makohozi ndani. "Weye uko na mukono ya kuomba. Shika." Akachimba tena chini ya goti, akanipa donge la pili, nikalifunga kwenye mufuko wa plastiki na kulitia kwenye koti.

Tomasi aliinua kinga yake na kuzungusha gurudumu la mbele. Lilizunguka bila sauti. Likaendelea. Tulisimama tukiliangalia, likaendelea tu, halikupunguza. "Ajabu!" akasema. "Sijawahi kuona grisi kama hii, si Japani, si Ujerumani." Mimi nilikuwa ninapangusa mikono kwenye majani na majani yalikuwa yanakataa. Yaani yanateleza, na kiganja kinabaki vilevile, kinang'aa.

"Aliyepakwa atangulie," muzee akasema.

Tomasi akavaa kofia yake ngumu, akaniambia, "Tukutane chini, kaka," akaingia ukunguni. Nikamufuata. Nyuma yangu akaja muzee.

Umewahi kushuka juu ya makoro? Kinga inapiga kelele kama sahani zinazoanguka kabatini. Munyororo unapiga, vyuma vinalia, meno yako yanagongana. Yangu ilikuwa inafanya hivyo. Ya Tomasi, mbele yangu mita chache, haikuwa na sauti. Nilimuona anaruka vidato, anatua juu ya mawe, na hakuna kitu. Ilikuwa kama kuangalia televizio iliyozimwa sauti. Mwanzoni alikuwa anashangilia. Halafu nikasikia:

"Kaka! Breki hazishiki!"

Mimi ni fundi. Sikugusa breki zake, ninaapa mbele ya Mungu. "Shika ya nyuma!" nikapiga kelele.

"Nimeshika zote mbili!"

Na kasi inapanda. Nikafikiri juu ya ule ufa, kona ya kushoto. Kwa kasi ile hakuna mutu wa kupinda. Nikaacha breki zangu ili nimufikie, na hapo chukudu ikanipita pembeni. Mbao, magunia, muzee, vyote kimya. Akawa sambamba na mimi, tunashuka bega kwa bega, na upepo ukainua ncha ya koti lake la mvua.

Goti halikuwepo.

Pale goti linapokaa palikuwa na kitu laini, cheupe, kinachotetemeka kwa kila jiwe. Paja lilikuwa limemwagika juu ya ubao kama mushumaa juu ya kisosi, na ubao na nyama huwezi kusema moja inaishia wapi. Huyu mutu hakuwa amepiga goti kwenye chukudu. Alikuwa ameota pale. Na kwenye ule weupe kulikuwa na mashimo ya vidole, mengi, ya zamani yamejaa nusu, na mawili mapya, ya yale madonge yangu, yanajijaza polepole kama ugali ukichemka: pwa, pwa, pwa. Pembeni yake kulikuwa na vinyweleo vifupi, vimejikunja. Si vya mbuzi.

Nilitapika nikiwa juu ya usukani. Ilinirudia usoni kwa upepo. Samahani, lakini nilikuonya.

"Papa," nikasema nilipopata pumzi, "muachilie. Huyu ni mugeni."

"Mugeni alipakwa. Akifika chini mbele yangu, yeye njo atabaki hapa juu. Mimi nitaenda kulala."

"Atafanya nini hapa? Hajui hata Kinyarwanda."

"Atajifunza. Mimi pia sikukuwa mutu wa hapa. Nilitoka Masisi na makala yangu, mukaa wa kuuza. Mutu alinipaka."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mutu aliyechoka foleni. Mbele yetu Tomasi alikuwa anaita jina la mama yake kwa lugha yao. Kuna maneno ambayo hayahitaji mukalimani.

Nikatoa ule mufuko wa plastiki. "Chukua, papa. Ninarudisha. Hata sijaitumia."

"Grese hairudi nyuma, mudogo wangu. Inaendaka mbele tu."

Sikiliza. Mimi nimekulia sokoni. Mutu akikuambia kitu hakiwezekani, muulize kinawezekana vipi. "Na kama mutu mwingine anapakwa nyuma ya mugeni?" nikamuuliza. "Nani anahesabika?"

Muzee akakohoa. Ninakijua hicho kikohozi. Ni kikohozi cha muuzaji uliyemugusa bei yake ya mwisho.

"Mwenye kupakwa mwisho," akasema, "njo anahesabika."

Ningepaka kinga yangu ningekuwa mimi ninayekwenda shimoni, na sikuja Rugari kubadilishana vichwa. Lakini yeye hakusema gurudumu. Alisema kupakwa. Nikauma ule mufuko kwa meno, ukapasuka, mafuta yakaniingia mudomoni, na utamu wake, Mungu wangu, yalikuwa na utamu. Nikakamua yote kwenye viganja vyangu, nikasugua mikono yangu miwili mpaka kwenye viwiko, nikajitupa kutoka kwenye kinga. Mikono haina magurudumu. Haishuki popote.

Niligaragara juu ya makoro, nikaacha ngozi huko, na nilipokuwa bado ninagaragara nikasikia sauti tamu kuliko kwaya ya Pasaka: kwiii, kwiii, kwiii. Gurudumu la Tomasi lilikuwa linalia. Halafu breki zikashika, halafu kishindo.

Nilimukuta amelala kifudifudi, bega limevunjika, kinga yake imening'inia nusu ndani ya ufa, gurudumu la mbele linazunguka na kulia. Akaniangalia, akasema, "Kaka, ufundi wako ni mbaya sana."

Niligeuka. Muzee alikuwa amesimamisha chukudu yake juu yetu kidogo. Haikuwa na kitu cha kuishikilia kwenye ule mutelemuko, lakini ilikuwa imesimama.

"Umenidanganya," akaniambia.

"Hapana, papa. Tumepatana."

Akafikiri. Kwa heshima yote, alifikiri kama mufanyabiashara. "Sawa. Tumepatana. Nitakungojea ushuke." Na ile chukudu ikarudi nyuma, ikapanda mulima bila kusukumwa, kinyumenyume, uso wake ukituangalia mpaka ukungu ukaufunga.

Watu wa mashamba walitusaidia kumubeba Tomasi mpaka barabarani. Yeye anakumbuka muzee, anakumbuka harufu, zaidi ya hapo anasema ni ufundi wangu mubovu. Nimemuacha abishe. Ameshapona, yuko kwao. Na unajua alichofanya? Ameisifu ile njia kwa wenzake. Amesema amezunguka dunia na hatimaye amepata iliyomushinda. Sasa wananiandikia, kutoka nchi ambazo sijui ziko upande gani, wanataka niwapeleke. Ninawajibu njia imefungwa. Wanajibu kwamba wanalipa zaidi. Mimi, ninayekataa malipo! Bibi yangu anafikiri niligonga kichwa.

Lakini bibi yangu haniruhusu kugusa unga. Mikono yangu inatoa grese. Asubuhi ninaamka, shuka imegandiana chini ya viganja. Ninapangusa kwa majivu, ninaosha kwa petroli, ninaosha kwa chumvi; mpaka saa ya chai inakuwa imerudi, nyeupe, ya moto, na ile harufu. Mara nyingine mulemule ndani kunakuwa na unywele. Kikombe kinaniponyoka. Mutoto wangu mudogo nikimubeba analia, na ninamuelewa. Pastori wetu alikuja kuniombea, akanishika mikono yote miwili, akaanza sala kwa nguvu, sala ikapoa katikati. Alijipangusa kwenye suruali akifikiri sijaona. Nyama sili tena. Ukikaanga yai karibu nami, ninatoka nje.

Na dawa ninaijua. Aliyepakwa mwisho ndiye anahesabika. Nikipaka gurudumu la mutu mumoja tu, yeyote, mikono yangu itakauka. Mimi, fundi wa kinga, ambaye kila siku watu wananiletea magurudumu yaliyokauka! Ninafanya kazi na glavu za mpira, mbili mbili kila mukono, na grese siwekei mutu. Ninauza matairi, ninaziba matobo, basi.

Kwa hiyo wewe uliye mbali, unayetafuta milima ya kukuvunja, tafuta kwingine, dunia ni kubwa. Na ukilazimika kuja, beba grese yako, kopo limefungwa, lenye maandishi ya kiwanda. Ukikuta mutu juu ya mutelemuko anakupa ya bure, muombe kwanza asimame wima.

Na ukipita Ndosho na gurudumu linalia, usinibembeleze. Juzi kulikuja baba mumoja anayeuza mikate kwa kinga, mutu mupole, watoto wengi. "Kidole kimoja tu cha grese, patron, nifike sokoni." Nilivua glavu. Ninakuambia ukweli, nilivua ya kwanza na ya pili, na mukono wangu ulikuwa tayari unadondosha mafuta. Halafu nikamufukuza kwa matusi ambayo sikujua ninayajua, mbele ya watu wote, na sasa kartie nzima, mutaa wote, inasema niko na roho mubaya.

Waache waseme. Wewe ukiniona nimevua glavu, usingoje nikutukane. Kimbia.